Kibali cha shingo upande

Baba yangu ni seremala, na seremala haamini picha. Nilipomtumia kwa WhatsApp picha ya kikanisa cha Sogn Benedetg, alinijibu kwa sauti kutoka karakanani kwake kule Mbinga, randa ikikwaruza nyuma yake: "Mwanangu, hilo ghala la mahindi umelikuta wapi?" Nikamwandikia kwamba si ghala, ni kanisa, tena watu wanapanda ndege kuja kuliona. Kimya kidogo. Kisha ujumbe wa pili: "Umegonga ukuta?"

Sikuwa nimegonga. Nilikuwa nimesimama mbali, kama hatua thelathini hivi, mgeni mwenye adabu zake, napiga picha. Ikabidi nisogee, nivue glavu, nigonge.

Lakini kwanza nieleze nilifikaje pale.

Nafanya kazi ya kutunza wazee mjini Chur, makao makuu ya jimbo la Graubünden, mashariki mwa Uswisi. Kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa nikimwogesha na kumlisha bibi mmoja aliyetokea Surselva, bonde la juu la mto Rhine. Mchana alizungumza nasi Kijerumani. Jioni akichoka, Kijerumani kilimtoka chote, kikabaki Kiromanshi, lugha ya kwao, nami nikabaki kuitikia kwa kichwa. Neno moja lilirudi kila mara: lavina. Lavina, lavina. Nikadhani ni mwanawe. Mimi mwenyewe nimesoma na akina Lavina wawili. Siku moja nikamwuliza kwa upole, "Lavina ni binti yako? Anaishi wapi?" Alicheka mpaka ikabidi nimkalishe apate pumzi. Lavina ni poromoko la theluji.

Lililokuwa likimjia usiku ni la mwaka 1984. Lilishuka mlimani juu ya kijiji cha Sumvitg, likakivunja kikanisa cha kale cha Mtakatifu Benedikto. Sogn Benedetg maana yake ni hiyo hiyo, Mtakatifu Benedikto, na ndilo jina la kitongoji chenyewe. Bibi aliniambia mambo mawili. Kwamba kikanisa cha zamani kilikuwa kizuri. Na kwamba kile kipya hakukipenda tangu siku ya kwanza, akasali humo hadi miguu ilipokataa. Aliyasema yote mawili kwa sauti moja, kama mtu anayetaja bei ya sukari na bei ya chumvi.

Alifariki mwezi wa pili. Mwezi wa kumi, siku yangu ya mapumziko, nikapanda treni.

Ni treni nyekundu, na reli yake ina upana wa mita moja, sawa kabisa na reli yetu ya zamani ya Kati. Nilipolijua hilo nilijihisi naelekea Dodoma. Tofauti ni dirishani. Baada ya muda mfupi treni inaingia korongo la Ruinaulta, kuta nyeupe pande zote mbili, mto katikati. Zile kuta ni kifusi cha mlima ulioporomoka karibu na Flims maelfu ya miaka iliyopita, na Rhine ikajichimbia njia ndani yake. Yaani hata kabla hujafika umeshaonyeshwa kwamba huku milima huanguka.

Jina Sumvitg asili yake ni Kilatini, maana yake kijiji cha juu. Lakini kuna juu na juu zaidi. Kutoka kijijini unapanda tena, njia inajikunja katikati ya majani yaliyofyekwa, unapita nyumba za magogo yaliyopigwa na jua mpaka yakawa meusi, na kuni zimepangwa ukutani kwa ustadi hata unaona aibu kuchomoa hata moja. Juu ya mabanda ya ng'ombe imesimama miti ya jamii ya msonobari ambayo Wajerumani huiita Lärche. Huo ndio msonobari pekee wa huko unaopukutisha majani, na mwezi wa kumi unakuwa wa njano kama nta. Mzee mmoja mwenye reki akaniambia, "Bien di." Nikamjibu, "Bien di," moja ya maneno manne niliyofundishwa na bibi. Kosa langu. Akaniporomoshea Kiromanshi cha dakika tatu.

Kitongoji chenyewe ni nyumba chache, unaweza kukipita huku bado unakitafuta. Kikanisa kimekaa pembeni, kwenye njia ya zamani ya kupandia malisho ya kiangazi.

Sasa huo ukuta. Kwa nje umevikwa vigae vidogo vya mbao ya huo mti wa njano, vimepandana kama magamba ya samaki, maelfu. Upande unaopigwa na jua vimeungua vikawa kahawia nzito, karibu nyeusi. Upande wa kivuli vimekuwa vya kijivu, vinang'aa kama fedha kuukuu. Hakuna aliyepaka rangi, ni jua na mvua tu. Jengo halina pembe. Ukilitazama kutoka juu lina umbo la jani, au tone la maji lililolala: huku mviringo, kule limechongoka. Mlango umetokeza nje ya ukuta kama sikio. Mnara wa kengele haujashikana na jengo, umesimama peke yake, mwembamba, kama ngazi ambayo fundi ameisahau.

Nikagonga. Mlio ulikuwa mkavu na mwepesi, kama kugonga kreti. Nikamrekodia baba. "Mbao tupu," akasema. "Hakuna tofali nyuma. Haya, ingia ndani uniambie paa limebebwa na nini."

Niliacha kuingia kwanza, maana nilitaka kuona kilipokuwa kile cha zamani, na hapa ndipo kuna kisa ambacho kila mjenzi angepaswa kusimuliwa. Kikanisa cha zamani, cha mtindo wa Baroko, ule wa kale wa Ulaya wenye mapambo mengi, kilisimama mbele ya kitongoji. Muda mfupi kabla ya 1984 palijengwa karibu yake maegesho ya magari. Poromoko liliposhuka, yale maegesho yakawa kama ubao wa kurukia: yakaielekeza theluji na kuipandisha hadi kwenye kikanisa. Haya ni maelezo ya msanifu mwenyewe wa jengo jipya, na ukisimama pale juu ukatazama mteremko, unamwelewa bila mchoro.

Sisi tuliokulia milimani tunalijua jambo hili kwa upande wa maji. Umatengo kwetu mashamba ni ya ngolo: mashimo yaliyopangwa kama masega ya nyuki kwenye mteremko, kila shimo na kingo zake, mvua ikija inakaa humo badala ya kukimbia na udongo. Ukibomoa kingo moja tu ili baiskeli ipite, utakuta mvua ya kwanza imeshaifanya njia yake. Waswisi hujikinga na theluji kwa miti. Kule Andermatt, ng'ambo ya kipito cha Oberalp, ipo hati ya mwaka 1397 inayokataza kukata msitu ulio juu ya kijiji, kwa sababu msitu ndio unaoizuia theluji isianze safari. Na hawajamaliza kuogopa. Vals, bonde la jirani, ilizika watu 19 kwa poromoko la Januari 1951. Mwezi Mei 2025, katika jimbo la Valais, barafu ya Birch iliporomoka ikafunika karibu kijiji kizima cha Blatten. Wakazi wapatao 300 walikuwa wameshahamishwa siku chache kabla.

Kwa hiyo kikanisa kipya hakikurudishwa pale pale. Kilisogezwa hadi mahali penye msitu mdogo juu yake, unaokikinga. Kuhusu hilo sijasikia kwamba kuna aliyebisha.

Ubishi ulikuwa kwenye sura. Abate na wamonaki wa abasia ya Disentis, pamoja na padre wa kijiji wa wakati huo, walitaka kitu kipya, cha wakati wao, kwa ajili ya vizazi vitakavyokuja. Kazi akapewa Peter Zumthor. Sasa hivi jina hilo ni kubwa, mwaka 2009 alipata Tuzo ya Pritzker ambayo kwa wasanifu ndiyo kilele. Wakati ule hakuwa na jina hilo. Baba alipendezwa na jambo moja tu katika wasifu wake: ni mtoto wa seremala wa samani, na yeye mwenyewe alifundishwa useremala huo kabla ya kusomea usanifu. Mimi nilipendezwa na jingine. Alikuwa ameajiriwa kwa miaka katika idara ya jimbo hili hili ya kuhifadhi majengo ya kale. Mtu aliyekula mshahara kwa kulinda vya kale, alipopewa nafasi ya kukifufua cha kale, hakukifufua.

Serikali ya kijiji ilipopelekewa michoro, ilitoa kibali. Ila katika barua yake iliandika maneno mawili ya Kiromanshi: senza perschuasiun. Bila kushawishika.

Nilipoyasoma mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu Kiswahili kinayo picha yake kamili: shingo upande. Unaona kabisa wazee wa kijiji mezani, kalamu mkononi, shingo zimelala. Tunasaini, lakini isije ikasemwa tulipenda.

Kila anayeandika habari za Sogn Benedetg hutaja maneno hayo ili tuwacheke hao wazee: tazameni, walikuwa na lulu mkononi hawakuijua. Mimi naona tofauti kabisa. Msanifu alikuwa na kipaji chake, abate alikuwa na imani yake, wote wawili walikuwa wanafanya wanachokitaka. Wazee hawa hawakukitaka. Walikuwa wamepoteza kikanisa walichobatiziwa baba zao, wakaletewa mchoro wa kitu kinachofanana na ghala, na hakuna aliyeweza kuwaonyesha mfano wake popote duniani ili watulie. Walikuwa na uwezo wa kusema hapana. Wakasema ndiyo, na wakakataa kudanganya kwamba wanaifurahia. Mtu anayeruhusu kitu asichokipenda, kwa sababu huenda kikawa cha wajukuu zake na si chake, ningependa kumpa mkono.

Labda nasema hivyo kwa sababu ya kigango chetu nyumbani, ambacho sitakitaja. Kanisa letu la zamani lilikuwa la matofali ya kuchoma, dogo, kenchi zake zilifungwa na baba akiwa kijana, na halikuwa limeanguka wala kupigwa na chochote. Ila lilionekana la kizamani. Halmashauri ya walei ikaitisha kikao, ikaonyesha picha ya kanisa la mjini, dari ya jipsam, madirisha ya alumini, taa zinazobadilika rangi. Mikono ikanyooshwa. Baba naye alinyoosha wake, shingo upande kama wazee wa Sumvitg, kisha akatengeneza mabenchi bila kudai ufundi. Hadi leo jipsam ikivuja huita vijana wapande kuangalia, hasemi neno. Tofauti kati ya vikao hivi viwili imenisumbua njia nzima. Sisi tulikuwa na la kale zima, tukalibomoa ili tuige la wengine. Wao la kale lilibomolewa na mlima, wakakataa kuliiga hata lao wenyewe.

Nikaingia ndani.

Jambo la kwanza ni sakafu. Ni mbao, haikupigiliwa kwa kiburi juu ya zege, imelazwa juu ya boriti, na ukikanyaga inakubali kidogo, inashuka unywele mmoja halafu inakurudisha. Nilitembea polepole bila kukusudia. Jambo la pili ni kwamba huoni nje. Hakuna dirisha la usawa wa macho. Mwanga unaingia juu kabisa, kupitia utepe wa madirisha unaozunguka jengo lote chini ya paa, unateremka ukutani, na ukuta umepakwa rangi ya fedha, hauna picha hata moja. Wingu likipita nje, ukuta mzima unabadilika. Nilikaa nikaona yamepita mawingu manne.

Mbele ya huo ukuta zimesimama nguzo nyembamba za mbao, zaidi ya thelathini, zimezunguka jengo lote. Nilizihesabu mara mbili nikapata majibu mawili. Hazigusi ukuta. Zimesogea mbele kidogo, zimeshikizwa kwa vyuma vidogo, vidole vyangu vilipita nyuma ya nguzo bila shida. Juu, kila nguzo inakutana na pao lake, na mapao yote yanakimbilia kwenye boriti moja ya katikati, kama vijishipa vya jani vinavyokimbilia uti wake. Mtu wa pwani angeona kitu kingine: mashua iliyopinduliwa, mkuku uko juu, mataruma yameteremka pande zote mbili, na wewe abiria umekaa chini yake. Nimekulia mbali na bahari, lakini hayo maneno mawili, mkuku na mataruma, ndiyo pekee yaliyotosha nilipokuwa namweleza baba.

"Kwa hiyo nguzo ndizo zimebeba paa, ukuta ni nguo tu," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Randa imezimwa. "Na nguzo wameitenga na ukuta. Unajua kwa nini?"

"Sijui, baba. Uzuri?"

"Uzuri unakuja baadaye. Mti hauuawi na maji, unauawa na maji yaliyokosa pa kutokea. Hapo nguzo inapata hewa pande zote. Na fundi wa kesho akitaka kukagua, anaiona yote, haijafichwa." Akanyamaza. "Huyo mtu amefundishwa na baba yake."

Hiyo, kwa baba, ndiyo sifa ya juu. Yeye mwenyewe ufundi aliupata kwenye karakana za Peramiho, chini ya mabruda Wabenedikto, kwa hiyo Mtakatifu Benedikto si mgeni nyumbani kwetu. Misheni ya Peramiho ilianza 1898, ikachomwa wakati wa Majimaji, ikajengwa upya. Abate wake wa kwanza, Gallus Steiger, alikuwa Mswisi. Na Cassian Spiss aliyeianzisha, askofu aliyeuawa njiani karibu na Liwale mwaka 1905, alizaliwa Tirol, kwenye milima hii hii ya Alpi, upande wa Austria. Nikiwa kwenye lile benchi nikawaza kwamba watu wa vijiji kama hiki ndio waliomfundisha aliyemfundisha baba kuunga mbao, na mimi nimekuja kuwaogesha wazee wao. Sijui niliweke wapi wazo hilo, naliacha hapa.

Mle ndani waliingia vijana watatu wenye kamera, wanafunzi wa usanifu kwa jinsi walivyopapasa kila kitu, wakanong'ona Kiitaliano, wakapiga picha mlango kwa dakika kumi. Hakuna aliyepiga goti. Nililiona hilo nikaudhika, halafu nikakumbuka na mimi niliingia nikihesabu nguzo.

Kuhusu lugha ningeweza kuandika makala nyingine. Kiromanshi kilipigiwa kura kuwa lugha ya taifa ya Uswisi mwaka 1938, na wanaokizungumza ni wachache kuliko watu wa wilaya yetu moja. Hata hivyo kimegawanyika lahaja tano zenye maandishi yake. Mwaka 1982 mtaalamu kutoka Zürich, Heinrich Schmid, aliwatungia Kiromanshi sanifu cha kuwaunganisha. Mnajua wenyewe habari za usanifishaji, Kiunguja na Kimvita na kikao cha Mombasa cha 1928. Kwetu Kiunguja kilishinda, malalamiko ya Mombasa hayajaisha lakini kilishinda. Huku Surselva watu wengi walikiona hicho sanifu ni cha makaratasi, na shule zikarudia lahaja ya bonde. Bibi yangu alikuwa akikisikia redioni anasema tu, "Huyo hana mama." Kwa hiyo hawa si watu wa kukubali kila jipya linalopanda kutoka mjini, na ndiyo maana ile saini yao naiona nzito.

Jua linazama mapema mwezi wa kumi. Nilishuka upesi, nikaikuta treni inaingia. Baba alikuwa bado ananitumia maswali, moja baada ya jingine, kama fundi aliyeonyeshwa kazi ya mwenzake. Vigae vinadumu miaka mingapi? Kati ya nguzo na ukuta ni inchi ngapi? Nikamwambia ni vidole, sikupima. "Vidole vya nani?" akauliza. "Ukirudi huko beba tepu."

Karibu na Ilanz, giza limeshaingia na dirishani najiona mimi mwenyewe, ukaja ujumbe wake wa mwisho. Randa ilikuwa haisikiki tena, nadhani alikuwa ameshafunga karakana.

"Na yule bibi yako," akasema, "yule ambaye hakulipenda. Alikuwa anakaa benchi la ngapi?"

Sikuwahi kumwuliza.